Je, Wajua? Akisami Zinavyofutika Kati ya Embu na Meru

Matatu inatoka Embu kwenda Meru kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu, mwendo wa wastani kilomita 60 kwa saa. Inarudi kwa kilomita 40 kwa saa, maana mvua imenyesha na dereva mwenye akili zake hachezi na miteremko ya Nithi. Kwenda na kurudi ni saa 5. Umbali ni kilomita ngapi? (Mfano wa darasani huu, vituo vya kushusha abiria tumevisamehe.)

Umbali tuuite x. Kwenda ni saa x/60, kurudi ni saa x/40, kwa hiyo:

x/60 + x/40 = 5

Akisami ndizo zinazowatisha wanafunzi, ilhali ndizo za kwanza kuondoka. Tafuta namba ndogo kabisa inayogawika kwa 60 na kwa 40 bila baki, nayo ni 120. Zidisha kila kitu kwa 120: 2x + 3x = 600. Basi x ni 120.

Kila kitu, narudia. Ukiiruka ile 5 ya upande wa kulia, utapata 5x = 5, yaani kilomita 1, na abiria wa Meru watashushwa kabla hawajautoka mji wa Embu.

Na wastani wa safari nzima? Wengi watakuapia ni 50. Kilomita 240 kwa saa 5 ni 48, kwa sababu gari lilikaa barabarani muda mrefu zaidi lilipokwenda polepole.

Afrika imezijua hesabu hizi zamani. Yapata mwaka 1550 K.K., karani Ahmes wa Misri alizinakili kwenye mafunjo yaliyoko sasa British Museum, London. Swali la 24 lasema: fungu fulani likijumlishwa na subui yake ni 19. Ahmes, asiye na x, alikisia 7, kwa kuwa subui ya 7 ni 1 kamili. Akapata 8. Akatafuta 8 izidishwe mara ngapi ifike 19, kisha akaizidisha 7 mara hizo hizo: 16, na nusu, na thumni.

Mpe matatu yetu. Angekisia 120, apate saa 2 na saa 3, akunje mafunjo yake. Safari nzima ingekuwa ya saa 4 je? Hapo 120 imempa 5 naye anataka 4, basi angechukua humusi nne za 120: kilomita 96.