Unapofunga, Njaa Utaifanya Nini?

 

Leo tunataka kusema juu ya jambo ambalo sisi wahubiri hulipita upesi. Ni njaa ya mtu anayefunga. Tumezoea kutangaza kanisani, "Wiki hii tutafunga na kuomba," kisha tunataja siku na saa. Lakini hatumwambii Mkristo afanye nini saa nne asubuhi, wakati wenzake wanamimina chai na tumbo lake linanguruma.

Tuna sababu ya kulisema. Mwaka mmoja tuliwatangazia washarika wote wafunge siku tatu, tangu asubuhi hadi jioni. Hatukuuliza ni nani aliye mgonjwa. Siku ya pili, mama mmoja mwenye ugonjwa wa kisukari alimeza dawa zake kama kawaida, akaenda kuchuma majani ya chai bila kula kitu. Kabla ya adhuhuri alianza kutetemeka na kutoka jasho. Maneno yake hayakueleweka, akaanguka. Jirani yake, ambaye alikuwa akiujua ugonjwa huo, aliona kwamba bado anaweza kumeza, akamnywesha chai yenye sukari nyingi. Alipata nafuu, akapelekwa hospitali. Tulipokwenda kumtazama alituambia, "Mchungaji, niliogopa kulivunja neno la madhabahuni." Ndugu, tuliona haya. Neno hilo halikuwa la Mungu. Lilikuwa tangazo letu, nalo lilipungukiwa na maelezo.

Tena nchi yetu haiwezi kusahau mwezi wa Aprili 2023, habari za msitu wa Shakahola huko Kilifi zilipojulikana. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, na madaktari walipoichunguza waliona kwamba wengi walikufa kwa njaa, watoto wakiwamo. Tangu siku hiyo mchungaji anayetangaza kufunga bila kufundisha anacheza na roho za watu.

Basi tuanze na njaa yenyewe. Wengi wanadhani njaa hupanda tu, saa baada ya saa, mpaka mtu azimie. Sivyo. Njaa huja kama wimbi. Tumbo hutoa homoni iitwayo ghrelini, ambayo huupasha ubongo habari kwamba wakati wa kula umefika. Homoni hiyo huzoea saa zetu. Kama kila siku unakunywa chai na mkate saa nne, saa nne itakuja kubisha hodi. Lakini usipoifungulia, baada ya muda hushuka yenyewe. Kwa mtu mzima mwenye afya njema, mwili una akiba. Kwanza hutumia sukari iliyowekwa katika ini, kisha huanza kutumia mafuta yake zaidi na zaidi. Wako watu siku hizi wanaofunga hivyo ili wapunguze uzito. Humaliza chakula saa moja jioni na kula tena saa tano asubuhi, yaani saa 16 bila chakula. Nia yao ni nyingine, lakini mwili ni ule ule.

Kwa hiyo tunawashauri mambo haya. Kwanza, jioni kabla ya kufunga ule chakula kinachokaa tumboni: githeri yenye maharagwe mengi, nduma, mboga za majani. Mandazi na chai yenye sukari nyingi vitakuacha mapema. Pili, kunywa maji. Esta na watu wake walikaa siku tatu bila maji katika hatari kuu, lakini Bwana hakutuagiza sote tufanye hivyo. Tatu, sisi tunaoishi katikati ya mashamba ya chai, kutoka Imenti hadi Runyenjes, tumezoea vikombe vingi. Mtu akiacha chai ghafula, kichwa humuuma, naye hudhani ni shetani. Punguza kidogo kidogo siku chache kabla. Nne, usichague siku ya kulima au ya kubeba mizigo. Tano, wimbi likija, ondoka karibu na jiko. Soma Zaburi moja, omba kwa ajili ya mtu mmoja kwa jina, tembea kidogo. Mara nyingi ukimaliza, wimbi limepita. Na jioni fungua kwa uji au ndizi, upumzike, ndipo ule chakula. Sisi wenyewe tulipokuwa wanafunzi wa theolojia tulifunga mchana kutwa, kisha tukajaza tumbo kwa sahani mbili za irio. Usiku huo hatukuomba. Tuliugua.

Kuna njia nyingine ya kuua njaa ambayo Meru nzima inaijua. Mtu akitafuna miraa hasikii njaa wala usingizi. Lakini tusidanganyane kwamba amefunga. Yeye ameifukuza njaa isiseme naye. Anayefunga huiacha njaa iseme, naye huisikiliza mbele za Mungu. Njaa humwambia, "Wewe ni mavumbi, huishi kwa nguvu zako." Hilo ndilo somo, na miraa hulizima.

Sasa, ni nani asifunge chakula? Mama mjamzito na mama anayenyonyesha. Watoto. Wazee waliodhoofika. Mwenye vidonda vya tumbo. Mwenye kisukari, na kila anayemeza dawa zinazohitaji chakula, asifunge kabla ya kumwuliza daktari. Na ukiwa umefunga ukaona kizunguzungu kisichoisha, mwili kutetemeka au akili kuchanganyikiwa, kula mara moja. Hujamkosea Mungu. Yesu alipoona makutano wamekaa naye siku tatu bila chakula, aliwahurumia asije mtu akazimia njiani, akawalisha. Someni Marko sura ya 8. Huyo ndiye Bwana wetu. Asiyeweza kuacha chakula anaweza kuacha redio jioni moja, au maneno makali, akaomba pamoja nasi.

Kanisa letu la Anglikana halikuanza jambo hili jana. Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 kiliziweka siku 40 za Kwaresima na kila Ijumaa, isipokuwa ikiwa ni Krismasi, ziwe siku za kufunga. Lakini nabii Isaya, sura ya 58, anatuuliza swali gumu: chakula ulichokiacha kimekwenda wapi? Kati ya mwaka 2020 na 2022 mvua zilikosekana msimu baada ya msimu katika nchi kavu za Kenya, na ndugu zetu wa Tharaka na Mbeere waliona taabu. Wao hawakuchagua saa ya kufungua. Njaa yako ya saa nne ni barua kutoka kwao. Kwa hiyo siku ya kufunga, pima vikombe vya mahindi na maharagwe ambavyo ungepika, uvitie katika mfuko. Nyumba chache zikifanya hivyo, gorogoro itajaa, na kuna jirani atakayepika.

Yule mama bado anamwabudu Mungu pamoja nasi. Siku za kufunga hunywa uji wake asubuhi, humeza dawa zake, na yeye ndiye anayekusanya ile mifuko ya mahindi. Hakuna anayemwambia kwamba hakufunga.

Tuombe. Ee Bwana, uliyeona njaa nyikani, tufundishe kufunga kwa akili na kwa upendo. Ulinde miili yetu, uvunje kiburi chetu, na mikono yetu isifungwe mbele ya mwenye njaa. Amina.