Kaburi la Babu Liko Wapi?

Mwezi wa Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, mzee mmoja alifika misioni na wajukuu wake wawili. "Padre," akasema, "nataka watoto hawa walione kaburi la baba yangu."

Wakaenda makaburini. Misalaba ya miti ilikuwa imekwisha liwa na mchwa, na majani yamefunika yote. Mzee alizunguka huku na huku, kisha akasimama kimya mbele ya wajukuu wake.

Paroko akawarudisha ofisini, akafungua kitabu cha marehemu. Walipekua kurasa nyingi, hata jina likaonekana. Kumbe baba yake hakuzikwa misioni, bali kigangoni! Tena iliandikwa kwamba alipokea Sakramenti kabla ya kufa. Mzee akatoa machozi. Alikuwa mtoto mdogo siku ile, wala hakuna aliyewahi kumwambia.

Ndugu wasomaji, sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yaagiza kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya marehemu. Tena yasema kwamba baada ya mazishi jina liandikwe kitabuni.

Ukitaka kumtafuta marehemu wako, fika na habari hizi: jina lake la ubatizo, majina ya wazazi wake, kigango chake, na mwaka. Kama mwaka huujui, kumbuka njaa au mafuriko ya wakati ule, au mtoto gani alizaliwa. Vitabu vingi vya zamani vimeandikwa kwa Kilatini: Yohane ni Joannes, na Yakobo ni Jacobus. Aliyebatizwa akiwa mahututi, mtafute pia katika kitabu cha ubatizo. Na kama parokia yenu ni changa, ulizeni katika parokia mama iliyoizaa.

Lakini kitabu hakiwezi kusema neno lisiloandikwa. Mara nyingi twazika shambani, katekista akaongoza sala, watu wakala, wakatawanyika. Nani alipeleka habari kwa paroko? Hakuna. Miaka arobaini baadaye mjukuu atakuja kuuliza, naye atakuta ukurasa mtupu.

Basi, baada ya mazishi, mtu mmoja wa nyumba ile apewe kazi hiyo: aende na katekista, jina liandikwe, na mahali pa kaburi patajwe. Hati ya kifo ya Serikali ni jambo lingine; nayo msiiache, maana mjane na yatima wataihitaji kwa mirathi.

Yule mzee alikwenda kigangoni siku ile ile. Wazee wa huko walimwonyesha mahali, chini ya mwembe. Wajukuu wakang'oa majani kwa mikono yao, wakapiga magoti pamoja na babu yao.

Je, wa kwenu wameandikwa?