Kumtembeza mgonjwa wa moyo: kuna hatari?



Bibi analeta bukari lopitalo. Anamkuta bwana wake, yule aliyeshikwa na moyo, anatembezwa kolidoni. Analia: «Munamuua!» Hapana, mama, sikiliza.

Zamani mgonjwa wa namna hii alilazwa wiki nyingi bila kuinuka. Mwaka 1952, Levine na Lown, waganga wa Marekani, waliandika kwamba kumkalisha kitini mapema hakumdhuru. Kulala mno kunagandisha damu miguuni.

Jaribio la kutembea ni la dakika 6, katika njia ya sawasawa ya metre 30. Siku za kwanza za ugonjwa halifanywi. Kwanza tunapima mapigo na tansio: mapigo yakipita 120 mtu akiwa amepumzika, au tansio ikipita 180 kwa 100, kwa kawaida dokta anaahirisha. Mgonjwa anakwenda mwendo wake mwenyewe, wala hatumkimbizi. Akichoka anasimama, na kiti kiko karibu. Maumivu ya kifua, jasho baridi, kuyumba: tunakatisha papo hapo. Metre alizotembea zinamsaidia dokta kujua nguvu zilizobaki.

Lakini wako wanaoficha maumivu, wakiogopa kuondolewa katika kazi ya chini ya udongo. Ninawaelewa, watoto wanataka kula. Hata hivyo, maumivu yaliyofichwa hatuwezi kuyaandika, na dokta atamrudisha mtu kwenye koleo ambayo moyo wake hauiwezi.

Nyumbani atembee kama dokta alivyoruhusu, si mara tu baada ya kushiba. Kifua kikibana, aketi, na mtu akimbie kuita ambilansi.