Mashine ya Polishi Hupunguza Rangi, Haiongezi

Simamisha gari jeusi juani saa nne asubuhi katika mtaa wowote wa Mikocheni, Dar es Salaam, kisha tazama boneti pale mwanga unapojiakisi. Utaona mistari myembamba imelizunguka doa la mwanga. Kwa kweli mikwaruzo hiyo imeelekea kila upande. Jicho huiona kama duara kwa sababu ile tu iliyoukingama mwanga ndiyo inayourudisha kwetu. Wenye magari wengi huona dawa yake ni kutafuta mashine ya polishi na kusugua mpaka gari ling'ae. Kazi hiyo inawezekana nyumbani, lakini anayeianza ajue kwamba polishi haijazi mkwaruzo. Inasaga rangi iliyo pembeni mwake mpaka uso mzima ushuke na kufikia kina chake. Kila mng'aro umelipiwa kwa unene.

Na unene wenyewe ni haba. Rangi ya kiwandani, kuanzia tabaka la kuzuia kutu hadi klia, lile tabaka angavu la juu, huwa na mikroni 100 hadi 150 hivi, karibu sawa na karatasi moja ya kuchapia. Klia peke yake ni kama mikroni 40 au 50. Polishi laini huondoa kidogo sana kwa kila awamu. Kompaundi kali juu ya pedi ya manyoya hula zaidi. Klia ndiyo inayobeba kemikali za kukinga mionzi ya jua, na Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, ambako jua hupita utosini mwezi Machi na tena Oktoba. Yale mapaa ya magari yanayobambuka magamba meupe ni klia iliyokufa. Isitoshe, magari yetu mengi yametumika Japani kwa miaka kabla ya kushushwa bandarini, na mnunuzi hana njia ya kujua yameshasuguliwa mara ngapi. Kwa hiyo jaribu kwanza sehemu ndogo iliyojificha. Kitambaa cheupe kikichukua rangi ya gari, hapo hakuna klia. Unasaga rangi yenyewe.

Fundi mzoefu atasema mashine inayozunguka kwa mhimili mmoja hufuta kila kitu kwa muda mfupi, na kwamba ile inayozunguka huku ikiyumba ni ya kupotezea siku. Kuhusu kasi, anasema kweli. Lakini mashine ya kwanza hukusanya joto mahali pamoja, na kwenye kingo za milango na mikunjo ya boneti, ambako rangi ni nyembamba zaidi, sekunde chache zinatosha kufika chini ya klia. Ya pili ukiigandamiza kupita kiasi, pedi husita kuzunguka. Kwa mtu asiye fundi, udhaifu huo ni kinga. Anza na pedi ya sponji laini na matone machache ya polishi isiyo kali, kwenye eneo la nusu mita kwa nusu mita, mashine ikisogezwa polepole. Pandisha ukali pale tu matokeo yanapokataa. Kingo zifunike kwa tepu ya karatasi. Fanya kazi kivulini bati likiwa limepoa, maana juani polishi hukauka kabla haijasaga. Mkwaruzo unaonasa ukucha uache: kuufuta wote ni kuimaliza klia.

Wengine watauliza: kwa nini kuhangaika, wakati nta ya bei nafuu huificha mikwaruzo? Huificha kweli, na kwa gari kuukuu ambalo klia yake imechoka hilo ndilo shauri bora, kwa kuwa haipunguzi kitu. Ila mafuta yaliyomo katika polishi nayo huficha vilevile, kwa hiyo kabla ya kuridhika na kazi yako futa kwa spiriti iliyopunguzwa nguvu kwa maji, ndipo uone kilichoondoka na kilichofunikwa tu.

Lakini polishi yote hiyo ni bure kama chanzo kimebaki. Vumbi la Mikocheni ni mchanga wa pwani, wenye chembe za kwatzi ngumu kuliko klia yoyote. Kumpa mlinzi kitambaa kikavu apanguse gari kila alfajiri ni kulipiga msasa kila alfajiri. Mwagia maji mengi kwanza mpaka mchanga ushuke. Tumia ndoo moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa. Anza na paa, malizia chini. Visima vingi vya ukanda huu vina chumvi, kwa hiyo maji yake yakaushwe mara moja kwa taulo safi laini kabla jua halijayageuza kuwa madoa. Gari likitunzwa hivyo, mashine inaweza kukaa stoo miaka.