Mashine ya Meli Iliyouona Moyo

Sogeeni, wajukuu, niwasimulie habari ya mashine iliyotoka kwenye kiwanda cha meli ikaingia hospitali.

Mwaka 1953, katika mji wa Lund nchini Uswidi, alikuwapo daktari wa moyo, Inge Edler. Kazi yake ilikuwa kuwapima wagonjwa kabla hawajapasuliwa. Ndani ya moyo mna vali, vijilango vinavyoiruhusu damu ipite upande mmoja tu. Vali ikibana, wapasuaji wa wakati ule walijua kuipanua. Ila vali nyingine hazibani, zinavuja, na ukiipanua inayovuja umemzidishia mgonjwa maradhi. Utazijuaje kabla ya kisu? Eksirei ilimwonyesha Edler ukubwa wa moyo, lakini vali inavyocheza haikumwonyesha.

Akamwendea mwanafizikia, Hellmuth Hertz. Naye alijua kwamba huko Malmö, si mbali na Lund, kiwanda cha meli cha Kockums kilikuwa na mashine ya kupimia chuma. Hutuma mawimbi ya sauti ambayo sikio letu haliyasikii. Yakikuta ufa, hurudi, na mashine huonyesha ufa uko kina gani. Hertz akaenda, akakiweka kipimo kifuani mwake mwenyewe. Kwenye kioo, alama zikawa zinarukaruka kwa kufuata mapigo ya moyo wake! Oktoba 29 mwaka uleule, wawili hao wakarekodi mwangwi wa moyo.

Msidhani waliona picha kama hizi za simu. Waliona mistari inayopanda na kushuka, basi. Mistari ya nini? Edler mwanzoni alidhani mstari mmoja ni wa ukuta wa chemba ya juu ya kushoto. Ilimlazimu kuchunguza mioyo ya marehemu, akipitisha chuma chembamba palepale mawimbi yalipopita mgonjwa alipokuwa hai. Kumbe mstari ule ulikuwa wa vali yenyewe, ileile aliyokuwa akiitafuta! Hapo mimi ndipo ninapopapenda zaidi: picha ilipatikana upesi, ila kuisoma kukataka miaka na uvumilivu. Kusoma huko ndiko kulikozaa utaalamu.

Marekani, mjini Indianapolis, daktari Harvey Feigenbaum naye alikuta mashine ya kupimia ubongo imekaa bila kazi. Akaitumia kutafuta maji yanayojaa kuuzunguka moyo, akayaona. Mwaka 1968 akaanzisha kozi ya kipimo cha mwangwi wa moyo, 1972 akatoa kitabu, na 1975 chama cha wataalamu wa kipimo hicho kikaundwa nchini humo. Baadaye zikaja mashine nyingine, zikiwamo sitiskani na emarai, kila moja na wasomaji wake. Leo kusoma picha za moyo ni ubobezi kamili, wenye mitihani yake.

Hata kwetu kipimo kile cha mwangwi, kiitwacho eko, kinafanyika, kwa mfano katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Vali zilizobana bado tunazo, nyingi zikitokana na maambukizi ya koo ya utotoni yasiyotibiwa.

Anayeitaka kazi hii ajue njia ni ndefu: kwanza udaktari, kisha magonjwa ya ndani au ya watoto, kisha moyo, ndipo picha zake. Na fizikia asiikimbie, maana ndiyo iliyoanza.