Uvimbe Uliojificha Katika Kifundo cha Mkono

Mama hukanda unga, husonga ugali, hukamua nguo na kumbeba mtoto kwa mikono yake. Kifundo cha mkono kikiuma, nyumba nzima hupungukiwa. Taabu huzidi pale ambapo hapana jeraha wala nundu, kwani watu wa nyumbani huweza kumdhania kuwa mvivu. Kumbe huenda ana kifuko kidogo kilichojificha, ambacho madaktari hukiita ganglioni.

Kifuko hicho huota kutoka katika kiungo au katika ala ya kano, na ndani yake mna ute mzito. Si saratani, wala hakiambukizi. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, hasa walio kati ya miaka 20 na 40. Mara nyingi huota upande wa mgongo wa mkono, penye kano inayofunga mifupa miwili midogo, skafoidi na lunati. Kikikua, huonekana kama nundu. Kikiwa kidogo hubaki chini kabisa, hakishikiki kwa vidole, na hata hivyo huweza kuuma sana.

Dalili yake kubwa ni maumivu yanayozidi mkono unapokunjwa kwa nyuma na kuegemewa, kwa mfano mtu anaposukuma donge la unga au anapojiinua kutoka mkekani. Akipumzika, maumivu hupungua.

Daktari huanza kwa kuuliza, kubonyeza mahali panapouma na kuukunja mkono. Picha ya eksirei haikionyeshi kifuko, lakini yafaa kwa kutazama mifupa, maana mfupa wa skafoidi uliovunjika nao huuma karibu na hapo, na usipotibiwa huweza kukataa kuunga. Kifuko chenyewe huonekana kwa altrasaundi au kwa picha ya sumaku, yaani MRI. Hata hivyo, watu wengine wana vifuko hivyo bila maumivu yoyote. Kwa hiyo picha peke yake haitoshi; ni lazima ipatane na dalili.

Tiba ya kwanza ni kupumzisha mkono, pengine kwa kuufunga banzi kwa majuma machache, pamoja na dawa ya maumivu. Mwenye mimba au vidonda vya tumbo amwambie daktari kabla ya kupewa dawa. Vifuko vingi hutoweka vyenyewe. Visipotoweka, daktari huweza kuufyonza ute kwa sindano akiongozwa na altrasaundi, lakini mara nyingi kifuko hurudi. Maumivu yakidumu, hufanyika upasuaji wa kukiondoa pamoja na shina lake. Hata baada ya upasuaji huweza kurudi, ingawa ni kwa wachache zaidi, na mkono huweza kukakamaa kwa muda.

Haifai kabisa kukipiga kwa kitabu au jiwe, wala kukitoboa kwa sindano ya nyumbani au wembe. Usaha huweza kuingia katika kiungo, na upande wa kiganja hupita mshipa mkubwa wa damu.

Asichelewe kwenda hospitali aliyeanguka akaegemea mkono, mwenye homa na kifundo chekundu chenye joto, au ambaye vidole vyake vimekufa ganzi au kukosa nguvu.

Nanyi mlio nyumbani, mwaminini anayesema anaumwa. Mpokeeni ndoo na mwiko kwa majuma hayo machache, kwani mapumziko hayo ndiyo mwanzo wa tiba yake.