Kijana Wetu Akishikwa, Tumwendee Nani?

Iko habari moja ambayo hakuna nyumba ipendayo kuisikia. Jirani aja mbio jioni, asema, "Mwana wenu ameshikwa na polisi." Labda alikuwa na wenzake sokoni Mirongo, labda adhaniwa kuiba simu katika stendi ya Nyegezi. Mama alia. Baba aona aibu, asema, "Mwacheni huko huko. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu."

Baba huyo hatumcheki, maana aibu ni mzigo mzito. Lakini twamwuliza: ni ulimwengu gani utakaomfunza huko? Kijana wa miaka 15 akilazwa chumba kimoja na wezi wazima, atajifunza kazi yao.

Sheria ya nchi nayo haitaki hivyo. Zamani mambo haya yalitengenezwa kwa sheria ya mwaka 1937. Siku hizi iko Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Yasema kwamba kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Asichanganywe na watu wazima mahabusu. Kesi yake isikilizwe katika Mahakama ya Watoto, faraghani, mzazi au mlezi wake akiwapo, na afisa wa ustawi wa jamii pia. Tena ana haki ya kuwa na wakili. Akionekana ana hatia, hafungwi gerezani. Aweza kuachiliwa kwa masharti, au kupelekwa shule ya maadilisho, kama ile ya Irambo huko Mbeya. Na mtoto asiyetimiza miaka 10 hahesabiwi kuwa na kosa la jinai kabisa.

Basi, angalieni: mema haya yote yategemea jambo moja, yaani umri. Kijana mrefu wa mwili, asiye na mtu wa kumsemea, aweza kuandikwa kuwa ana miaka 19, na mlango wa Mahakama ya Watoto ukafungwa mbele yake. Kwa hiyo mzazi akikaa nyumbani kwa hasira, hamwadhibu mwanawe tu; amnyang'anya na utoto wake.

Yafaa kufanya hivi. Kwanza, nendeni kituoni siku ile ile, mkichukua cheti cha kuzaliwa. Kikikosekana, chukueni kadi ya kliniki au cheti cha ubatizo, vipate kusaidia kuonyesha umri. Ulizeni kwa adabu ameshtakiwa neno gani, nanyi ombeni dhamana. Dhamana haina bei. Msitoe fedha kwa siri. Mashtaka yakiwa mazito, kama ya mauaji, polisi hawawezi kumwachilia. Hapo msikawie kutafuta wakili.

Pili, mwendeeni afisa wa ustawi wa jamii wa Jiji la Mwanza. Mkishindwa kumpata, pigeni simu namba 116, ya kuwasaidia watoto, nayo hailipiwi.

Tatu, asiye na fedha ya wakili asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwekwa kwa ajili ya wasiojiweza. Wako wasaidizi wa kisheria walioandikishwa, wawezao kuwaonyesha njia na kuwasaidia kuandika barua bila malipo. Lakini kusimama mahakamani ni kazi ya wakili; basi mtu asiwadanganye.

Nanyi walimu, msijitenge. Daftari la shule laonyesha tarehe ya kuzaliwa, tena ninyi mwazijua tabia za kijana. Neno lenu la kweli kwa afisa wa ustawi laweza kumrudisha darasani.

Hatusemi kosa lifichwe. Kijana amwambie wakili wake kweli yote, na aliyeibiwa arudishiwe mali yake ikiwezekana. Lakini sisi tukaao kando ya ziwa twajua kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Naye akunjaye hana budi kuwa karibu, mkono wake ukimshika.